Macho Kwenye Mstari

Bango la manjano lenye bendera ya mirabamiraba humwonya dereva kwamba mwisho umekaribia. Bango jekundu lenye bendera hiyo hiyo ndilo mwisho wenyewe, na gari hulipita likiwa kwenye kasi yake yote, kwa maana kituo cha kusimama kiko mbele, mita mia kadhaa. Katika mikondo ya mbio za magari za Safari Rally kule Naivasha, kando ya bango hilo jekundu ndiko waliko watu ninaowaheshimu kuliko hata madereva: marshali wa kupima muda.

Mitambo ipo. Mwali usioonekana hukatiza barabara kutoka nguzo hadi nguzo. Pua ya gari ikiukata, saa hunakili muda hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini mwali haujui ni nani aliyepita. Hata pundamilia akivuka, nao utanakili. Ndiyo maana karibu na mtambo huwepo mtu mwenye saa ya kubonyeza, na mwenziwe mwenye kalamu na orodha ya magari.

Asiyezoea hulitazama gari. Nani asingelitazama? Mzoefu huliacha lije, macho yake yakiwa kwenye mstari tu. Anayesubiri kuona ndipo abonyeze huwa amekwisha kuchelewa, kwani kutoka jichoni hadi kidoleni hupita takriban sehemu mbili za kumi za sekunde. Huo ndio muda dereva Sébastien Ogier aliomshindia mwenzake Jari-Matti Latvala katika mbio za Jordan mwaka 2011, baada ya kufukuzana. Mwaka 2024, kule Sardinia, Ogier naye alishindwa na Ott Tänak kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo marshali husikiliza mngurumo, hupima mwendo, na kidole chake huanza kushuka gari likiwa halijafika.

Zamani sehemu hizo za sekunde hazikuhesabiwa: Safari ilipimwa kwa dakika, kutoka kituo hadi kituo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wakiendesha Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawa, ikabidi kanuni ya ziada impe Mehta ushindi.

Kisha, kwa marshali wa leo, kuna vumbi. La mkondo wa Kedong ni laini kama unga, na gari likipita namba ya mlangoni humezwa. Marshali lazima awe ameitambua mapema, aitamke redioni pamoja na muda, na wenzake wa kituo cha kusimama waurudie neno kwa neno kabla ya kuuandika kwenye kadi ya mwelekezi anayekaa kando ya dereva.

Kazi yao nyingine haina makofi. Kila gari linapoanza mkondo, namba yake hutangazwa redioni. Kila linapomaliza, hutiwa alama kwenye orodha. Gari likichelewa kupita kiasi, wa kwanza kujua ni huyu mwenye kalamu. Hapo nafasi tupu kwenye karatasi yake huenda ikawa na maana kwamba watu wawili wamepinduka porini, naye huuliza bila kungoja kuulizwa.

Karatasi hiyo haifutwi. Namba iliyokosewa hukatwa kwa mstari mmoja, iliyo sahihi ikaandikwa kando, ili timu ikilalamika jioni, waamuzi wazisome zote mbili.