Kuchagua Zana za Kuoshea Vyombo Kitengela na Kajiado

Zana za kuoshea vyombo kwa mkono huchaguliwa kwa kuzingatia mambo matatu: maji yaliyopo, aina ya uchafu na kile kilichotumika kutengeneza chombo. Katika Kaunti ya Kajiado, ambayo ni kame, maji ndiyo huamua kwanza. Kitengela, nyumba nyingi hutegemea visima vya kuchimbwa, maji ya boza na mitungi ya lita 20, kwa hiyo kila beseni lina gharama yake.

Maji ya kisima hubeba madini ya miamba yanamopita. Yakiwa na kalsiamu na magnesiamu nyingi huitwa maji magumu. Sabuni ya kipande ikiingia humo, hushikana na madini hayo na kuwa utando mweupe unaoganda kwenye beseni na glasi, na povu haliji mpaka sabuni nyingi ipotee. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haiathiriki sana, hivyo huyafaa zaidi maji hayo. Njia rahisi ya kupima ni kutikisa kijisehemu cha sabuni ya kipande katika chupa ya maji ya kisima na katika nyingine ya maji ya mvua, kisha kulinganisha povu.

Uchafu nao una mpangilio wake. Glasi na vikombe hutangulia, sahani hufuata, na masufuria yenye mafuta na masizi huwa ya mwisho, ili maji yaleyale yatumike kwa muda mrefu. Mabeseni mawili, la kuoshea na la kusuuzia, hutumia maji machache kuliko mfereji ulioachwa wazi. Ugali uliogandia hulowekwa kwanza. Maji na muda huulainisha bila nguvu za mkono.

Kifaa cha kusugulia hutegemea chombo. Sponji laini au dodoki hufaa glasi, plastiki na sufuria zenye utando usioshika chakula. Waya wa chuma huondoa masizi kwenye sufuria ya alumini, lakini huikwangua, na mikwaruzo hiyo hushika uchafu upesi. Jivu husugua na pia huyeyusha mafuta kwa sababu lina magadi ya potasiamu. Hata hivyo, magadi hayo hula alumini na kuifanya iwe nyeusi, kwa hiyo jivu lifutwe na chombo kisuuzwe mara moja. Chokaa iliyoganda ndani ya birika huyeyushwa kwa maji ya limau au siki.

Kibuyu cha maziwa kina utaratibu wake. Kuta zake hufyonza, na sabuni ingebaki ndani na kuharibu ladha. Wamaasai hukisafisha kwa kijiti cha oloirien, mzeituni mwitu, kilichowashwa: ncha yenye kaa husugua ndani, kisha vipande vya makaa hutolewa. Moto na moshi hupunguza vijidudu, huyapa maziwa harufu yake na kuyafanya yadumu.

Vyombo hukaushwa juu ya kichanja, vikiwa vimeinamishwa, kwa jua na upepo. Kitambaa chenye unyevu hurudisha vijidudu kwenye chombo kisafi. Sponji na dodoki pia hukamuliwa na kuanikwa kila baada ya kazi. Kikianza kutoa harufu au kumeguka, kifaa hicho hutupwa.