Jina la Mwanafunzi Mbele

Njiani kutoka Kimana kwenda Amboseli, nilimtazama mzee wa Kimaasai akimfundisha binti wa chuo kumtambua ndovu kwa sikio. Hakumtajia jibu. Alizima gari, akamwachia darubini, wakanyamaza. Binti akakisia jina. "Hapana, mwanangu. Umetazama mpasuko. Tazama mishipa." Mpasuko huongezeka kwa miiba na ugomvi, mishipa haibadiliki.

Ufundi huu una ukoo. Mtafiti wa ndovu Cynthia Moss aliupokea kwa mtafiti mwenzake Iain Douglas-Hamilton kule Manyara, Tanzania, mwaka 1968, akaja kuweka kambi Amboseli mwaka 1972. Mwaka 1975 akapata mwanafunzi wa miaka 19, Joyce Poole. Madume fulani walionekana wakichuruzika mkojo, uume umegeuka kijani, na kambini wakadhani ni ugonjwa. Msimamizi mwenye haraka angesema hayo yaachiwe daktari wa mifugo. Moss alimwacha binti afuatilie, dume baada ya dume, mpaka ikabainika kuwa ni ashiki kali, ile ambayo wataalamu waliijua kwa ndovu wa Asia na kuikana kwa wa Afrika. Makala ilipotoka katika jarida la Nature mwaka 1981, jina la Poole lilitangulia, la Moss likafuata. Mpangilio huo wa majina mawili naupenda kuliko miongozo yote ya usimamizi niliyowahi kugawiwa.

Siku hizi mwanafunzi hufika na maswali yamekwisha kupangwa kwenye simu, akae wiki chache, aondoke. Msimamizi yuko mbali. Sura ya tatu humfikia kwa WhatsApp usiku wa manane, hurudi baada ya miezi na neno moja: "Rekebisha." Arekebishe nini? Kijana anaogopa kuuliza, mkubwa hana muda wa kueleza. Hukumbukana wakati wa kuchapisha, wakigombania nani atangulie.

Na mwongozaji, kama yule mzee wa Kimaasai? Yeye na wenzake ni "wasaidizi wetu wa nyanjani," mstari mmoja ukurasa wa shukrani. Haikulazimu iwe hivyo: utafiti wa mwaka 2014 ulioonyesha kwamba ndovu wa Amboseli hutofautisha sauti ya Mmaasai na ya Mkamba una jina la Katito Sayialel, Mmaasai wa huku huku, miongoni mwa waandishi wake wanne. Nimewauliza waongozaji kadhaa wa Kimana kama waliwahi kuletewa nakala ya tasnifu walizozisaidia. Walicheka, wakaniuliza tasnifu huwa na kurasa ngapi.