Karatasi Inayovuta Gari

Giaboksi ya otomatiki ikifa Ifakara, mwenye gari huwekewa njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza Dar es Salaam giaboksi ya mtumba, iliyong'olewa kwenye gari lililokwisha kazi Japani, ikafungwa nzima nzima huku mwenyewe akimwomba Mungu. Ya pili ni kuishusha ile ile ya kwake, kuifungua mezani na kufanya ovahoo ya klachi. Ya kwanza ni ya haraka, na simlaumu dereva wa Noah anayesubiriwa na abiria akiichagua. Ila mimi nimesimama mara nyingi kando ya meza ya pili, na kazi ninayoiona pale naiheshimu sana.

Wengi hudhani otomatiki haina klachi kwa kuwa hakuna pedali ya kukanyaga. Inazo, tena kadhaa. Kila moja ni dramu iliyojazwa pleti nyembamba zinazopishana: moja ya chuma kitupu, inayofuata imebandikwa karatasi ngumu iliyoshindiliwa na resini. Za chuma zina meno kwa nje, zimeshikana na dramu. Za karatasi zina meno kwa ndani, zimeshikana na habu ya katikati. Chini yake kuna pistoni. Oili ikija na presha, pistoni inasukuma, pleti zinabanana, dramu na habu vinazunguka pamoja. Presha ikiondoka, springi zinairudisha pistoni na pleti zinaachana. Gari zima, na magunia ya mpunga yaliyopakiwa nyuma, linavutwa na karatasi hiyo.

Bonde la Kilombero, ulipo mji wetu wa Ifakara, linaitesa karatasi hiyo. Masika, kwenye vipande vya udongo vya barabara ya Mlimba, gari likinasa dereva hupeleka mkono D, R, D, R, injini ikilia. Kila badiliko klachi zinateleza kidogo kabla ya kushika, joto linapanda, oili inaungua. Halafu kuna maji. Hili ni bonde la mafuriko, ardhi oevu ya karibu kilomita za mraba 8,000 iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002, na Mto Lumemo ukijaa unaingia mpaka mjini. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384 na lililozinduliwa mwaka 2018, lilichukua nafasi ya kivuko na kutuondolea hofu ya mto mkubwa, Kilombero wenyewe. Madimbwi ya njiani yamebaki. Giaboksi yenye moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia. Karatasi inayanywa, gundi inalegea, inabanduka vipande vipande. Ukifungua nati ya chini, oili inatoka na rangi ya juisi ya ubuyu iliyomwagiwa maziwa.

Fundi anayejua kazi huanza kwa kuosha nje, kabla hajagusa bolti. Ndani hatumii matambara yanayoacha nyuzi, maana uzi mmoja unaweza kuikwamisha valvu. Kila pleti anaitoa na kuipanga kwa mfuatano ule ule, upande ule ule, kwa sababu pleti iliyopinda kwa makusudi ikigeuzwa, klachi hushika vibaya. Kisha anasoma. Karatasi nyeusi na chuma chenye madoa ya bluu ni dalili ya joto, ila yeye hatulii hapo. Kwa nini klachi hii imeungua na jirani yake ni nzima? Anaibonyeza sili ya pistoni kwa kucha: imekakamaa. Au pistoni ina ufa, au ringi za shafti zimelika na presha inavujia njiani. Anayebadilisha pleti tu ataziunguza na mpya. Kwangu mimi, hapa ndipo fundi anapojulikana.

Springi zinabanwa ili ringi ya kufungia itoke. Asiye na chombo maalumu hutengeneza chake kwa bolti ndefu na vipande vya chuma. Sili mpya inapakwa oili, na pistoni inaingizwa kwa kuzungushwa taratibu, mdomo wa sili ukiongozwa usije ukakunjika. Pleti mpya za karatasi zinalowekwa kwenye oili ya giaboksi. Vitabu vya Toyota vinataka angalau dakika 15. Nimeona mafundi wakizilaza usiku kucha, na siwaoni wanapoteza muda.

Zikishapangwa, fila geji inapima nafasi iliyobaki, kwa sehemu za kumi za milimita. Ikiwa finyu, pleti zitasuguana hata gia isipoingia. Ikiwa pana, gia itachelewa na kugonga. Anarekebisha kwa kubadilisha unene wa pleti ya mwisho, anapima tena, anabadilisha tena.

Jaribio la mwisho la dramu ni la hewa. Kompresa inapeleka kilo 4 hadi 8 kwa sentimita ya mraba kwenye tundu la oili, na gereji nzima inanyamaza. Pistoni nzima hutoa mlio mmoja mfupi, tup, na ikiachiwa inarudi. Ukisikia hewa inavuja, mdomo wa sili umekunjika. Nimemwona fundi, jua limeshazama na mwenye gari amekaa kwenye tairi akimtazama, akiusikia mvujo mdogo ambao mimi sikuusikia kabisa. Hakusema neno. Alianza kufungua upya.

Kufunga ni haraka, isipokuwa konveta, kiungo cha injini na giaboksi: lazima izame mpaka ishikane na pampu, na fundi anapima kina chake kwa rula, kwani ikikazwa bolti kabla haijakaa, pampu inavunjika injini ikiwashwa tu. Oili inapimwa yenye moto, injini ikiunguruma, baada ya kupitisha mkono kila gia. Na kabla hajarudisha ufunguo, fundi wa bonde hili huunganisha mpira mrefu kwenye tundu la kupumulia na kuupandisha hadi juu ya injini.