Jani la Sita

Niseme mapema nisiwazungushe: ile Hilux nyeupe ya vijana wa Mbale, iliyowachekesha wengi juzi kwenye rali ya barabara za miwa za Kakira, karibu na Jinja, iliharibiwa gereji kabla haijakanyaga Jinja. Dereva msimguse. Aliyeongeza jani la sita kwenye springi za nyuma ndiye aliyeimaliza.

Mliokuwepo mliona. Ile kona ya kushoto, pale malori ya miwa yalipoikwangua marram ikabaki mikunjomikunjo mpaka mwisho wa shamba. Kijana aliingia vizuri, akafunga breki mapema, pua ikageuka, akakanyaga mafuta. Injini ikalia, gari likabaki pale pale. Mkia ukaanza kurukaruka, tairi la ndani likazunguka bure, vumbi likapanda, na watu kwenye tuta wakaanza kelele zao. Nilisubiri vumbi litulie nikashuka kuangalia alama. Tairi linaloshika ardhi huacha mstari mmoja. Hili liliacha mkwaruzo mfupi, nafasi tupu, mkwaruzo, nafasi tupu, kama mshono wa cherehani inayoruka uzi. Kila nafasi tupu ni mahali ambapo tairi lilikuwa juu, na tairi lililo juu halisukumi kitu hata ukifunga injini ya ndege.

Baadaye nililala chini ya gari lenyewe. Majani matano ya kiwandani, yana kutu, yamegandana. Unga mwekundu umejaa katikati yake. Chini yake jani la sita, nene, la lori, bado lina rangi nyeusi ya duka. Yubolti mpya zinang'aa. Pembeni ya majani hayo, shokapu zile zile za zamani, zimevuja mafuta yakashika vumbi mpaka yakawa tope gumu. Nilipomuuliza fundi, alinijibu kwa heshima zote: "Mzee, nyuma ikiwa ngumu, inang'ata."

Sentensi hiyo nimeisikia Mbale, nimeisikia Iganga, na Jinja nimeisikia kwa watu wanaojiita wataalamu. Ni uongo.

Hilux ni gari la mzigo wa tani moja. Springi zake zimepimwa kwa magunia ya kahawa yanayoshuka kutoka Budadiri, si kwa bodi tupu yenye tairi la akiba na mkebe wa mafuta. Ikiwa tupu, tayari ni ngumu kupita kiasi. Ndiyo maana mgongo unakuuma ukiiendesha bila mzigo kwenye barabara ya Tirinyi. Sasa mtu anaichukua springi ambayo ni ngumu kwa kazi hii, anaiongezea ugumu, kisha anashangaa tairi linapodunda. Na hakuongeza kidogo. Ugumu wa jani hupanda kwa unene wake uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Tuseme majani ya kiwandani yana milimita 7 na hilo la lori lina 10. Kwa upana na urefu ule ule, jani hilo moja linafanya kazi ya majani karibu matatu ya mwanzo. Mafungu matano ya ugumu yamekuwa karibu manane. Fundi alidhani ameongeza moja ya tano.

Kuna la pili, nalo ndilo lililoniudhi zaidi kwa sababu halionekani ukisimama pembeni. Jani jipya lilikuja na upinde wake, likainua mkia. Vijana walifurahi, gari limesimama juu, picha zinapendeza. Lakini shokapu hazikubadilishwa, na urefu wake ni ule ule. Mkia ukipanda, shokapu inakuwa imeshavutwa karibu na mwisho wake gari likiwa limesimama tu. Sasa ingia kona ya kushoto: uzito unahamia kulia, upande wa kushoto unainuka, na tairi la kushoto linatakiwa lishuke lifuate ardhi. Lishuke kwenda wapi? Shokapu imefika mwisho, na jani la lori halina nafasi ya kujipinda zaidi. Tairi linaning'inia. Difu ya kawaida, ambayo haifungi, inalimwagia nguvu zote tairi hilo lisilo na kazi, na lile la kulia, lenye uzito wote juu yake, linabaki linatazama. Hiyo ndiyo kona mliyoicheka.

Wataniambia jani gumu linazuia ekseli isijizungushe. Kweli, kidogo. Ukikanyaga mafuta, pua ya difu inataka kupanda. Majani yanapindika mfano wa herufi S, yanajirudi ghafla, yanapindika tena, na huko ndiko kudunda kunakoanzia. Ila dawa ya ugonjwa huo ilijulikana kabla baba wa fundi wetu hajashika spana. Ford Escort aliyoshinda nayo Hannu Mikkola Safari Rally ya 1972, mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kuinyakua, ilikuwa na springi za majani nyuma na ekseli moja ngumu, kama Hilux. Ford waliweka fito za kuishika ekseli isigeuke, majani yakaachiwa kubeba uzito tu. Huku kwetu tunalitwisha jani kazi zote mbili, kisha tunaliongezea mwenzake wa lori.

Joginder Singh je? Mwaka 1974, Safari ya matope, Lancer ya cc 1600, majani nyuma, na Porsche 911 ya Björn Waldegård ikabaki ya pili. Mzee yule alijua kuwa tairi ni lazima ligusane na tope ndipo lisukume. Na mtoto wetu Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alichukua Safari nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, kwa Datsun Violet yenye ekseli ngumu nyuma, inayosukumwa na matairi mawili. Ekseli hiyo ilishikwa na fito nne juu ya springi za koili. Tazama filamu za zamani: mkia wa Datsun unapanda na kushuka mkono mzima, na matairi hayaachi ardhi. Ule ulaini wanauonea haya vijana wa leo. Tangu Charles Muhangi alete ubingwa wa rali wa Afrika nyumbani mwaka 1999, kila mwenye leseni anaota Subaru, na asiye na pesa ya Subaru anataka pikapu yake isimame ngumu kama Subaru anayoiona kwenye simu. Subaru ina matairi manne ya kusukuma. Likidunda moja, matatu yanaendelea. Wewe una mawili.

Kazi nyingine kwenye Hilux ile ilikuwa safi: breki, injini, vyuma vya kinga, na msoma ramani aliyetulia.

Pesa ile ile ya jani la sita ingefanya nini? Nafuu kuliko zote ni kupunguza. Fungua springi, toa la sita, na ukiwa na moyo toa na la tano, maana gari halibebi kahawa. Yaliyobaki yapige brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kisha uyapake grisi. Majani yaliyogandana kwa kutu hayateleziani. Mkunjo mdogo wa barabara ukija, springi haisogei hata kidogo, na gari zima linarushwa juu. Hiyo ni kazi ya siku moja na kopo moja la grisi. Bushi za raba zibadilishe, kwa sababu bushi iliyokwisha inaiacha ekseli itembee mbele na nyuma kabla springi haijaanza kazi. Kisha ile pesa ya jani, ya yubolti na ya zile stika zilizojaa mlango mzima ikusanye, ununue shokapu mbili mpya zenye urefu unaolingana na gari lilivyosimama. Shokapu iliyokufa ndiyo inayoruhusu mdundo wa pili na wa tatu. Hilo halirekebishwi na jani.

Zikibaki shilingi, nusu ya mbele ya springi ibane kwa vibano viwili, kutoka ekseli mpaka jicho la mbele, na nusu ya nyuma iachwe huru. Nusu ya mbele ndiyo inayoizuia ekseli kugeuka, na ya nyuma inabaki laini. Anayeweza kuchomelea vizuri atengeneze fito kwa bomba la chuma na bushi kila upande, lakini aangalie: fito iwe na urefu na mlalo unaokaribiana na nusu ile ya mbele, la sivyo fito na springi zitavutana na nyuma itakuwa ngumu kuliko ya juzi. Presha ya matairi ya nyuma ishuke kidogo, ipimwe asubuhi kabla jua halijawaka.

Sasa nasikia vijana wana mpango mpya. Kwa kuwa tairi la ndani lilizunguka bure, wanataka kuichomelea difu ili matairi yote mawili yageuke pamoja. Hili nimelipigia kelele miaka mingi na nitaendelea. Difu iliyochomelewa huvumilika kwenye marram kavu ya Kakira, kwa sababu marram inaliachia tairi liteleze kidogo kwenye kona. Barabara za nyumbani kwao, chini ya Wanale na juu kuelekea Bududa, mvua ikinyesha ni udongo wa Elgon unaoteleza, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine migomba iliyo chini sana. Hapo matairi mawili yaliyofungwa pamoja yanausukuma mkia nje kwa pamoja, na usukani hauna la kusema. Waanze kwa spana ya yubolti. Jani likishatoka na shokapu zikishafungwa, wairudishe Hilux kwenye kona ile ile na kwa mwendo ule ule, waangalie alama za tairi chini. Wakikuta bado zinakatika, ndipo tuzungumze habari za difu.