Boma lina kuta, baraza liko wapi?

Neno boma lilikuwa letu kabla halijawa la Serikali. Ni uzio, ni ua wa mifugo. Wajerumani wakajenga ngome zao, nazo zikaitwa maboma, na mpaka leo huku Mbinga utamsikia mzee akisema anakwenda bomani, maana yake kwa mkuu wa wilaya.

Siku hizi maboma yale yanasifiwa sana. La Mikindani, la mwaka 1895, limekuwa hoteli. La Arusha, la 1900, ni makumbusho. Mazuri, sikatai. Ila ukuta mnene vile haukujengwa kuzuia joto tu. Mwanzoni mwa 1906, wakati wa Maji Maji, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea, akiwemo Songea Mbano ambaye mji unaitwa kwa jina lake. Anayesifu matao ya boma bila kutaja kamba ameandika nusu ya habari.

Waingereza walikuwa na adabu zaidi, kwa macho angalau. Mahakama Kuu ya Vuga, Unguja, kazi ya J. H. Sinclair, ya mwaka 1908, ina matao na nakshi za Kiarabu. Dola ya Kizungu iliyovalishwa kanzu. Naipenda, na kupendeza kwake ndiko kunakonitia shaka. Sinclair aliona milango ya Waswahili, aliona matao. Lakini kitu cha maana kuliko vyote katika nyumba ya Mji Mkongwe ni baraza, lile benchi la mawe nje ya mlango ambapo hata mpita njia hukaa bila kuulizwa shida yake.

Na hilo ndilo neno tulilolipa mamlaka: Baraza la Mawaziri, Baraza la Madiwani, Baraza la Kata. Mtu wa Kitura akigombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba la kahawa, huanzia barazani. Kiti kimekuwa chombo cha haki! Sijui lugha ngapi zina bahati hiyo.

Sasa tazama ofisi tunazojenga wenyewe. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na kila wilaya mpya huja na majengo yake. Nchi nzima ramani ni kama moja: madirisha ya aluminiamu, vigae vinavyoteleza mvua ikinyesha, nguzo mbili za heshima mlangoni. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Hatua kubwa ile. Lakini mama aliyetoka kijijini alfajiri kusikiliza shauri lake kwa lugha yake bado anangojea chini ya mwembe, amekalia tofali, kanga kichwani, masikio yameelekea mlangoni asije akaitwa asisikie.

Kabla ya kuhesabu nguzo, wachora ramani waanze na benchi la zege lenye paa, refu kama ukuta wa mbele. Gharama yake haifikii hata ya vile vigae.