Vipimo Tisa Alivyovitupa Brendel

Tangu mpiga piano Alfred Brendel afariki London tarehe 17 Juni 2025, barazani kwetu kila anayeulizwa anasikiliza nini hutaja rekodi yake. Mmoja yuko kwenye Haydn, mwingine karudi kwenye koncherto za Mozart alizopiga na Mackerras, wa tatu habanduki kwenye Beethoven. Ni haki ya marehemu kusikilizwa hivyo. Lakini juzi watu kadhaa walitaja kitu kimoja, Sonata ya Schubert katika B-flati meja, D. 960, na wote wakaisifu sehemu ya kwanza kwa jinsi "isivyochosha". Hapo nikashika kalamu. Haichoshi kwa sababu imekatwa. Brendel aliruka marudio ya ufunguzi, na kwa kuyaruka alivitupa vipimo tisa alivyoviandika Schubert kwa mkono wake, vipimo ambavyo havisikiki popote pengine katika kazi nzima. Alikosea. Alikosea akijua anachofanya, kuanzia rekodi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi za uzeeni, na sababu alizozitoa kwa maandishi hazisimami.

Mahali penyewe mnapajua. Ufunguzi umefika mwisho wake katika F meja, muziki umetulia, na mbele ya mpiga piano kuna njia mbili. Ya kwanza inamrudisha mwanzo. Ya pili inampeleka kwenye maendelezo, katika C-shapu maina. Katika sonata nyingi za zama zile njia ya kwanza ni akodi mbili tatu za kufungia mlango, na ukiziruka hakuna kitu kikubwa kilichopotea. Hapa Schubert ameandika vipimo tisa kamili. Mwendo ule mpole wa Molto moderato unaanza kukwamakwama. Akodi zinakatika, kimya kinaingia pasipotarajiwa, mapigo yanasukumana kama yamepoteza hesabu, sauti inapanda, kisha chini kabisa kwenye besi trili ya G-flati inalipuka kwa nguvu zote. Halafu kimya. Halafu ile tuni ya mwanzo, pianisimo, inaingia tena.

Sasa iangalieni trili hiyo. Kipimo cha nane cha sonata, baada ya sentensi ya kwanza ya tuni, ndipo tunapoisikia kwa mara ya kwanza: G-flati, chini, pianisimo, karibu haisikiki. Noti hiyo si ya B-flati meja. Ni mgeni, na Schubert haimtambulishi. Anafanya jambo la ufundi mkubwa zaidi: anamwacha mgeni huyo aitawale nyumba polepole. Katika kipimo cha 20 tuni yote inahamia G-flati meja. Tuni ya pili inapoingia, iko katika F-shapu maina, ambayo kwenye kinanda ni kitufe kilekile cheusi kwa jina jingine. Kwa hiyo kabla ufunguzi haujakwisha, ile noti iliyonong'onwa kwenye kipimo cha nane imeshageuka kuwa makao mara mbili. Kilichobaki ni kuisikia ikitamkwa kwa sauti yake kamili. Inatamkwa mara moja tu, kwenye vipimo tisa vya njia ya kwanza. Mpiga piano anayepita njia ya pili moja kwa moja ametusimulia hadithi hii na kuuruka ukurasa ambamo tishio lote linajitokeza.

Kisha marudio yenyewe. Baada ya mlipuko ule, tuni ya mwanzo hairudi kama ilivyokuwa. Noti ni zilezile, alama ni zilezile, lakini msikilizaji hayupo tena alipokuwa. Ukifika tena kipimo cha nane, trili ile ya pianisimo unaijua sasa: umeshaisikia ikifoka. Unaingojea, na inapokuja kwa upole ule, upole huo una uzito ambao haukuwapo mara ya kwanza. Hakuna noti hata moja iliyobadilishwa. Schubert ameibadilisha kwa kuiweka baada ya kitu kingine. Ufundi wa namna hiyo haupatikani kwa kuongeza ustadi wa vidole au kwa kuongeza hisia katika kipimo cha nane. Unapatikana kwa kurudia tu.

Na njia ya pili nayo inaumia. C-shapu maina inapoingia baada ya F meja, inatakiwa itushtue. Itatushtuaje ikiwa hatujawahi kusikia njia nyingine? Ukirudia, masikio yanafika mwisho wa ufunguzi mara ya pili yakijiandaa kwa mikwamo ile na mlipuko ule, na badala yake ardhi inahama kimyakimya kwenda ufunguo wa mbali kabisa, ufunguo uleule utakaobeba Andante sostenuto nzima. Kwa Brendel tunapewa jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Nimhukumu kwa hoja zake mwenyewe. Hakuwa mvivu, na katika insha yake juu ya sonata za mwisho za Schubert alijieleza vizuri kuliko wengi wanaomfuata. Alisema vipimo hivyo havina undugu na sehemu iliyobaki, kwamba mshtuko wake wa ghafla hauna mantiki, na kwamba trili ikipigwa kwa kishindo hapo inanyang'anywa siri yake mahali pengine. Hoja ya mwisho ndiyo nzito, na ndiyo iliyo kinyume kabisa cha ukweli. Siri isiyowahi kufichuliwa hata kidogo inageuka kuwa pambo. Trili ya Brendel ni nzuri kila inapokuja, na kila inapokuja ni ileile: wingu la mbali, la kupendeza. Mimi sitaki lipendeze. Mtu aliyemaliza sonata hii tarehe 26 Septemba 1828 na kufariki tarehe 19 Novemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 31, hakuwa anachora mawingu. Na kama vipimo tisa havifanani na kitu kingine chochote katika sehemu hiyo, basi ndiyo sababu ya kuvipiga. Mtunzi aliviweka vitofautiane. Si kazi ya mpiga piano kusawazisha.

Iko pia hoja ya urefu. Brendel alizipiga sonata tatu za mwisho katika jioni moja, na marudio yote yangeifanya jioni hiyo kuwa ndefu. Basi zipigwe mbili. Programu ndiyo inayopaswa kujipinda ili kazi ikae, si kazi ijipinde ili programu itimie. Na asiniambie mtu kwamba Schubert aliweka alama ile kwa mazoea tu. Beethoven alikuwa ameshaacha kuweka marudio ya ufunguzi katika Appassionata zaidi ya miaka 20 kabla, katika jiji hilohilo la Vienna. Njia ya kuacha ilikuwapo na ilijulikana. Asiyetaka marudio hakuandika marudio, na kwa hakika hakukaa kitako kutunga vipimo tisa vipya kwa ajili ya marudio asiyoyataka.

Wasomaji wa siku nyingi watasema nimerudi kwenye ugomvi wangu wa Eroica. Nimerudi, na sitauacha. Mwaka 1805 Carl, nduguye Beethoven, aliwaandikia wachapishaji kwamba kaka yake alidhani mwanzoni simfoni ile itakuwa ndefu mno marudio ya sehemu ya kwanza yakiwekwa, lakini baada ya kuisikia ikipigwa aligundua kwamba kuyaacha kunaidhuru. Huo ni ushahidi wa mtunzi aliyepima kwa masikio yake. Hata hivyo waongozaji wa okestra waliendelea kuyaruka kwa miongo mingi, Furtwängler akiwamo, na sisi tukaendelea kuyaita maamuzi hayo "tafsiri".

Mzee wetu wa barazani, aliyefundisha kwaya maisha yake yote, hakukubaliana nami. "Mwanangu," akaniambia, "mtu akishasema neno lake vizuri, kulirudia ni kulipunguza." Nikamwambia, niwie radhi mzee wangu, lakini wewe na mimi tumekua na Umm Kulthum redioni. Pwani yote hii ilikuwa ikitega sikio Cairo. Nani kati yetu aliwahi kusema mstari ule aliourudia mara ya nne ulikuwa umepungua? Watu walipiga kelele wakitaka aurudie tena, kwa sababu walijua mstari unaorudi haujawahi kuwa mstari uleule. Ni kweli, yeye aliubadilisha kila mara, na mpiga piano wa Schubert hana ruhusa hiyo. Ndiyo maana Schubert alimfanyia kazi hiyo mapema: aliubadilisha mstari kwa kuweka vipimo tisa kabla yake. Sikio la kwetu lilipaswa kuwa la kwanza kulitambua hilo. Inaniuma kuona tunaazima uchovu wa watu wengine na kuufanya wetu.

Schnabel naye aliruka, katika rekodi yake ya 1939. Simtetei, ila santuri za siku zile zilibeba dakika nne au tano kwa upande mmoja, na msikilizaji alikuwa akinyanyuka kugeuza sahani katikati ya fikra. Brendel alirekodi wakati ambapo upande mmoja wa sahani ungeweza kuibeba sehemu yote ya kwanza pamoja na marudio yake. Hakuwa na udhuru huo.

Linganisheni na Richter. Katika rekodi yake ya 1972 sehemu ya kwanza inapita dakika 24, ilhali kwa Brendel ni kama 15. Glenn Gould, ambaye hakuwa na subira na marudio ya Schubert na alikiri hivyo, alimsikia Richter akiipiga sonata hii Moscow mwaka 1957 na akasimulia jinsi alivyozama kana kwamba amepagawa. Huyo ndiye shahidi ninayemtaka: mtu aliyekuja akiwa mpinzani. Richter anavipiga vipimo tisa bila kuvipamba. Haharakishi mikwamo ile ili ionekane ina maana, anaiacha ikwame, na trili ya besi inapopasuka, kimya kinachofuata anakiacha kirefu hadi mtu ahofie kama muziki utarudi. Katika daftari zake alilalamika mara kwa mara juu ya wapiga piano wanaoruka marudio, na hakuwa akilalamika kwa ajili ya kanuni.

Wanaosema Richter ni wa polepole mno, na wana haki, wamsikilize Kempff wa 1967. Mwendo wake ni wa kawaida, sauti yake ni nyepesi, na bado anarudia, na sehemu inapita dakika 20 bila mtu kutazama saa. Kempff anavunja hoja ya Brendel kwa upande mwingine: si lazima uwe na ukubwa wa Richter ili vipimo tisa vikae mahali pake. Mkononi mwake mlipuko si wa kutisha sana, ni kama mtu mpole aliyepandisha sauti mara moja tu, na kwa hiyo tunamsikia zaidi.

Sisemi Brendel alikosea kila mahali katika sonata hii: Andante yake ni ya kiwango cha juu kabisa, skerzo ina wepesi unaotakiwa, na ile G inayofungua sehemu ya mwisho anaishika kwa ukali unaofaa.

Waliobaki na shaka wafanye hivi. Wachukue Richter wa 1972, waanzie mahali tuni ya pili inapokwisha, wapite njia ya kwanza, warudi mwanzo, wasimame baada ya kipimo cha nane. Kisha waweke Brendel kutoka mahali palepale hadi C-shapu maina inapoingia. Wasiangalie dakika. Wasikilize trili peke yake, halafu tukutane barazani Ijumaa, na mzee wetu aanze kusema.