Sahifa na Historia ya Insha ya Kiswahili

Mhakiki akiianza historia ya insha ya Kiswahili kwa Kielezo cha Insha cha Shaaban Robert (1954), atakuwa amekipa uzito kitabu na kuisahau karatasi. Mnamo mwaka 1930, katika Mji wa Kale wa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili kwa hati za Kiarabu, aliloliandika na kulieneza mwenyewe. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilitegemezwa na serikali ya Tanganyika. Sahifa lilitegemea kujitolea kwa mtu mmoja. Ufinyu wa karatasi ndio uliounda fani yake: hoja moja, maneno machache, na sauti ya mtu anayewasemesha jirani zake juu ya elimu na uigaji wa Wazungu. Makala yake yaliyokusanywa katika Uwongozi (1944) hayana budi kusomwa kwa sauti hiyo ya mtaani, si kama sura za kitabu. Nadharia ya nathari isiyoyazingatia magazeti ya namna hii itabaki kuwa historia ya wachapishaji, si ya waandishi.